Daftari la chakula: Kosa hurekebishwa, halifichwi

Mwezi huu tuongee juu ya kitu kidogo ambacho wengi hukidharau, yaani daftari la chakula. Wagonjwa wa kisukari, na wengine wanaotakiwa kupunguza uzito, huambiwa kliniki waandike kila wanachokula na kunywa. Wapo wanaotumia daftari la shule, na siku hizi vijana huwaandikia wazee wao katika simu. Kuandika si kazi ngumu. Ugumu uko katika kurekebisha pale tulipokosea.

Miaka michache iliyopita alikuja kliniki mzee mmoja anayetumia insulini. Daftari lake lilikuwa safi kabisa: uji bila sukari, ugali kidogo, mchicha, maharage. Lakini kwa siku tatu mfululizo sukari yake ilikuwa imefika milimoli 14 kwa lita na zaidi. Tukaona kwamba mzee anakula vizuri na sukari bado iko juu, basi dawa haimtoshi. Dozi ya insulini ikaongezwa. Usiku wa siku ya nne aliletwa hospitali akiwa amelowa jasho, anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka chini ya 3.

Alipopata nafuu nilimwamkia, nikamwuliza kulikoni. "Marahaba, mwanangu," akajibu. "Siku zile tulikuwa na ubatizo wa mjukuu. Nilikula pilau, nikanywa na soda. Niliandika yote, kisha nikaona aibu nesi atanisema. Nikachana ukurasa, nikaandika upya."

Kumbe sukari ilipanda kwa sababu ya karamu. Siku za kawaida dozi yake ya zamani ilimtosha, na ile mpya ikawa kubwa mno. Sisi nasi tulikuwa na kosa: hatukumwuliza siku zile tatu kulitokea nini nyumbani.

Daftari lina kazi gani?

Daftari la chakula si kitabu cha mashtaka. Linamwonyesha mhudumu uhusiano kati ya chakula, dawa na sukari ya damu. Chakula cha wanga, kama ugali, wali, ndizi, viazi na mkate, ndicho hasa kinachopandisha sukari. Soda nyingi za kawaida za mililita 350 zina takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Zikifutwa katika daftari, mhudumu atatafuta sababu mahali pengine, na aghalabu ataigusa dawa.

Kila mara andika mambo manne: saa, chakula chenyewe, kiasi, na namna kilivyopikwa. "Ugali" peke yake hautoshi. Andika "ugali, kipande cha ukubwa wa ngumi, na samaki wa kukaanga".

Kurekebisha katika karatasi

Sisi wauguzi tulifundishwa kanuni moja kuhusu faili la mgonjwa, nayo inafaa nyumbani pia. Ukikosea, usifute kwa raba, usipake wino mwingi, wala usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya maneno yenye kosa ili yaendelee kusomeka. Andika lililo sahihi pembeni, pamoja na tarehe ya kurekebisha. Ukikumbuka kesho kwamba jana ulikula maandazi mawili, yaongeze na uandike "nimekumbuka leo". Anayesoma ataelewa.

Kurekebisha katika simu

Mzee wetu sasa anaandikiwa na mjukuu wake katika simu, na hapo tulikutana na makosa ya aina nyingine. Ni vizuri kujua programu hizi zinavyofanya kazi. Daftari lenyewe aghalabu halikai ndani ya simu tu, bali katika kompyuta ya wenye programu, mbali sana. Kila chakula unachoingiza hupewa namba yake. Unapotaka kurekebisha, simu hutuma ombi lenye namba ile pamoja na kiasi kipya, na mstari uleule hubadilishwa. Basi angalieni haya:

1. Usiandike upya, fungua mstari wa zamani. Binti yule aliona ameweka kiasi kikubwa cha ugali, akaingiza ugali mwingine wa kiasi sahihi. Programu ikahesabu kwamba babu amekula mara mbili. Bonyeza mstari uliokosewa, ubadilishe kiasi, kisha uhifadhi.

2. Tazama chakula kilichochaguliwa. Unga mkavu wa mahindi wa gramu 100 una takriban kilokalori 360. Ugali wa gramu 300 una maji mengi, na unga ndani yake ni kama theluthi moja. Ukichagua "unga wa mahindi" na kuandika gramu 300, utapata kilokalori zaidi ya 1,000, mara tatu ya ukweli. Hapo kubadilisha kiasi hakusaidii, badilisha chakula.

3. Tazama kipimo. Gramu, kikombe na kipande si kitu kimoja. Tena kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.2 hivi, kwa hiyo kuchanganya hizo mbili huharibu hesabu yote.

4. Tarehe ina utaratibu wake. Katika programu ya FatSecret, kwa mfano, mlango unaotumiwa na programu nyingine kurekebisha daftari huruhusu kubadilisha jina, kiasi na mlo, lakini si tarehe. Chakula kilichoandikwa siku isiyo yake hufutwa, kisha huandikwa upya katika siku yake.

5. Hakikisha marekebisho yamefika. Kama mtandao ulikatika, fungua tena siku ile uone kama kiasi kipya kipo kabla ya kubonyeza mara ya pili.

Vyakula vyetu vingine havimo katika programu za nje. Tanzania ilitoa majedwali yake ya virutubishi vya vyakula mwaka 2008, na Kenya ikatoa mapya mwaka 2018. Mwombeni mhudumu wa lishe awasaidie kuyatumia.

Kumbukeni pia kwamba simu mara nyingi haionyeshi maandishi ya zamani yakisharekebishwa. Kama badiliko ni kubwa, andika neno moja katika karatasi ya kliniki: "Jumapili nilirekebisha, wali ulikuwa sahani mbili."

Yasiyorekebishwa

Namba iliyotoka katika mashine ya kupimia sukari isibadilishwe kamwe. Ukiitilia shaka, nawa mikono, jikaushe, upime tena na uandike zote mbili. Wala usibadilishe dozi ya insulini kwa kufuata hesabu ya simu bila kupata ushauri wa kliniki.

Na mgonjwa wa kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, mpimeni kama mashine ipo. Sukari chini ya milimoli 3.9 ni hatari. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Kama mashine haipo, msingoje, mpeni sukari hiyo. Kama hawezi kumeza au amezimia, msimtilie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Mzee wetu bado anakuja kila mwezi. Daftari lake sasa lina mistari iliyokatwa na soda za sikukuu zimo. Nasi wauguzi tumejifunza kulipokea bila kugomba, kwa maana mgonjwa anayeogopa kugombezwa ataandika yale tunayopenda kuyasoma.