Selimundu si laana ya ukoo

Kila mwaka wanasayansi wanaochunguza vinasaba vya binadamu hukutana kuelezana walichogundua. Mwaka 2018 wataalamu wa Afrika walikutana Kigali, Rwanda. Huenda mtu wa Mbangala, huku Songwe, akauliza: mkutano huo unatuhusu nini sisi tunaohangaika na shamba na dhahabu? Unatuhusu, kwa sababu yanayojadiliwa huko yamo ndani ya ndoa zetu na vitanda vya watoto wetu.

Vinasaba ni maagizo yaliyomo ndani ya mwili, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mtunga Zaburi ya 139 alimshukuru Mungu aliyemuumba tumboni mwa mama yake hata kabla mtu yeyote hajamwona. Sayansi inachungulia kazi hiyo hiyo ya Mungu. Kanisa halina sababu ya kuiogopa, maana aliyefungua mlango huo alikuwa mtawa wetu, Padre Gregor Mendel, Mwagustino. Mwaka 1865, katika mji wa Brno, alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi akaeleza jinsi njegere zinavyorithishana rangi na umbo. Hawakumwelewa. Alifariki mwaka 1884, na dunia ikaja kumkubali mwaka 1900.

Kwa miaka mingi uchunguzi huu ulitegemea zaidi damu ya watu wa mabara mengine. Mwaka 2020 watafiti wa muungano wa H3Africa walitangaza matokeo ya kuchunguza Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya makabila na lugha. Walikuta tofauti za vinasaba zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Wachimbaji wetu wanaelewa jambo hili: jiwe ambalo halijapita kwenye karasha haliwezi kukuambia lina dhahabu kiasi gani.

Sasa tuje nyumbani. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka hapa Tanzania. Mtoto analia mifupa inauma, mikono na miguu inavimba, macho yanakuwa ya njano, damu inapungua kila mara. Kabla hajafikishwa hospitali, kikao cha ukoo kimeshakaa. Mama anaambiwa ameleta mkosi. Shangazi anatajwa kuwa mchawi. Mbuzi anauzwa ili mganga alipwe, na mtoto anazidi kudhoofika.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Hakutafuta mshitakiwa, alimponya mgonjwa.

Ukweli ni huu. Ili mtoto augue selimundu, kwa kawaida baba na mama wote wawili wanakuwa wamebeba kinasaba hicho, nao wenyewe wazima kabisa. Katika kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne mtoto kuugua, mbili kati ya nne kuwa mbebaji kama wazazi wake, na moja kati ya nne kutokuwa nacho kabisa. Kwa hiyo mume anayemrudisha mkewe kwao kwa sababu hiyo anamwadhibu mwenzake kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake mwenyewe.

Wala si laana. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji wa kinasaba hiki wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kimeenea katika nchi za mbu kama zetu. Kilichowalinda mababu ndicho, kikikutana na mwenzake, kinachomuumiza mjukuu.

Vijana mnaojiandaa kwa ndoa, mkapime. Sheria ya Kanisa haiifanyi selimundu kuwa kizuizi cha ndoa, na hakuna padre atakayewatenganisha kwa ajili ya majibu hayo. Lakini ni haki yenu kujua mapema, kabla kadi za michango hazijagawiwa, mkaamua mbele ya Mungu kwa macho yaliyo wazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na majibu yasigeuzwe silaha dhidi ya mtoto aliyeko tumboni. Uhai wake ni mtakatifu, mgonjwa au mzima.

Wazazi, mtoto akigunduliwa mapema anaweza kusaidiwa. Huko Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 mpango wa kuwatibu na kuwachunguza wagonjwa hawa. Zipo dawa, kama haidroksiyurea, zinazopunguza maumivu na kurefusha maisha. Mtoto mpeni maji ya kutosha, mlazeni ndani ya chandarua, na msikose kliniki.

Nasi wanajumuiya tuna sehemu yetu. Wiki hii, jumuiya ndogo ndogo zimtembelee mama mwenye mtoto wa selimundu. Asiulizwe amemkosea nani. Aulizwe nauli ya kliniki imepatikana au bado, na wenye afya wakachangie damu. Wanasayansi wataendelea na mikutano yao kila mwaka. Mama huyu hahitaji kusubiri mkutano mwingine ili aondolewe lawama. Hilo tunaweza kulifanya leo, tukitoka Misa.

Jumapili njema.