Likoni: Maji ya Kunywa Yatengwe Kwanza

Ukisimama asubuhi penye kivuko cha Likoni utaona maelfu ya watu wakiteremka mbio kwenda kazini Kisiwani. Huyu ana mfuko, yule ana mwavuli, mwingine ana chakula cha mchana. Wenye chupa ya maji ni wachache. Mimi nami nilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Nilikunywa kikombe cha chai alfajiri, kisha nikajizuia kwa makusudi mpaka jioni, kwa kuogopa kubanwa na haja ndogo katikati ya umati. Nikajiona mwerevu.

Werevu huo uliniletea jiwe katika figo. Maumivu yake sitayaeleza, ila niligaagaa sakafuni mbele ya watoto wangu, nami si mtu wa kulia ovyo. Daktari aliniuliza nanywa maji kiasi gani kwa siku. Tulipohesabu hayakutimia bilauri tatu. Akanieleza kwamba figo huchuja damu na kuzitoa taka zake pamoja na maji. Maji yakipungua, mkojo hukolea, na madini yaliyomo huweza kugandamana hata yakawa jiwe.

Sisi wa pwani twapaswa kujihadhari zaidi. Jasho huupoza mwili linapokauka. Lakini hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa mwezi wa Machi, basi jasho hutiririka bila kukauka upesi, na mwili hutoa jingine. Hamali anayesukuma mkokoteni wa mitungi jua la saa saba aweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja. Ajabu ni kwamba huyo auzaye maji mara nyingi ndiye mwenye kiu kuliko wateja wake.

Wengine watasema, “Maji yenyewe yako wapi?” Neno hilo ni la haki. Maji matamu ya Likoni hutoka katika visima virefu vya Tiwi, na ya chemchemi ya Marere hutoka milima ya Shimba. Yote yako upande wa Kwale. Mfereji ukikauka, hununuliwa kwa mtungi. Visima vya karibu vipo, lakini vingi vina chumvi, kwa sababu maji ya bahari hupenya katika mawe ya matumbawe, hasa watu wakiteka mno. Tena vyoo vya shimo viko jirani. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Mvuke huenda zake, chumvi ikabaki sufuriani. Na chumvi nyingi huidai figo maji mengine ya kuitoa.

Kwa hiyo katika nyumba nyingi maji matamu hupikiwa, hufuliwa, huoshewa vyombo, na yanayosalia ndiyo hunywewa. Hapo ndipo tukoseapo. Tupige hesabu. Mtu mzima yampasa kupata kama lita mbili kwa siku, na afanyaye kazi ya jua zaidi. Nyumba ya watu wazima wawili na watoto wanne haitahitaji zaidi ya lita kumi hivi, yaani nusu ya mtungi wa lita 20. Nusu hiyo itengwe alfajiri, ichemshwe, ifunikwe, na isiguswe kwa kazi nyingine. Kufua na kudeki kufanywe kwa maji ya kisima.

Chai, uji na madafu huhesabiwa pia. Mama anyonyeshaye aongezewe. Wazee wakumbushwe, maana kiu yao huwa hafifu. Wenye kufunga Ramadhani wanywe kidogo kidogo tangu kufuturu hata daku, wala wasibugie yote kwa mkupuo. Kunywa kupita kiasi kwa ghafula nako kwaweza kumdhuru mtu. Mwenye maradhi ya moyo au ya figo afuate kipimo cha daktari wake.

Ishara nyepesi ni rangi ya mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, ni vyema; ukikolea kama chai ya rangi, mwili wadai. Siku hizi navuka na chupa ya lita moja mkononi. Haja ikinijia, nasubiri hadi ng’ambo kama wenzangu, na mara mbili tatu nimechelewa kazini kwa ajili hiyo. Mkubwa wangu alinung’unika. Nikamweleza habari ya lile jiwe, akanyamaza.