Kumlipa Lambert hakukupi jina benki

"Mama, Lambert gani ni mzuri?" Wiki hii kaniuliza kijana aliyetoka Kambove, mji wa madini wa Katanga, mchimbaji wa mikono, na nimechoka kulijibu swali hilo. Lambert ni mkopeshaji wa mtaani asiye na kibali, na hakuna Lambert mzuri.

Najua wachimbaji wanavyofikiri: benki hainijui, Lambert hataki karatasi. Nikimlipa vizuri miezi kadhaa nitapata jina, halafu benki itanifungulia mlango. Jina kwa nani? Benki na taasisi za mikopo zenye kibali hupeleka habari za wakopaji wao Benki Kuu ya Kongo. Lambert hana kibali, hapeleki neno lolote. Mlipe miaka mitatu bila kukosa hata siku moja: uaminifu wako wote utabaki ndani ya daftari lake, na daftari hilo hakuna benki itakayolisoma.

Tupige hesabu. Umechukua dola 200 kwa asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi unampelekea 60, zote riba. Baada ya miezi 6 umetoa 360, na deni bado ni 200, halijapungua hata dola moja. Yule kijana alikuwa amemwachia Lambert rehani: kadi yake ya mpiga kura. Kadi hiyo hiyo ndiyo benki inayoiomba ili kukufungulia akaunti! Anamlipa mtu anayemfungia mlango.

Wala sisemi benki hazina kosa. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtambua mchimbaji wa mikono mwenye kadi, aliye katika kooperative, anayechimba eneo lililotengwa. Maeneo hayo hayatoshi, basi wengi huchimba kwenye ardhi ya kampuni, na mapato yao mbele ya afisa wa mikopo yanakuwa kama hayapo. Si kwetu tu: huko Colorado, Marekani, maduka ya bangi yalifunguliwa kisheria 2014, lakini wafanyakazi wake walinyimwa mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali kuu, kwa kuwa sheria ya nchi nzima iliikataza bangi. Mshahara ni wa kweli, jasho ni la kweli, karatasi inasema hapana. Mtu anayelipa madeni yake apimwe kwa malipo yake. Hilo nitalidai kila ninapokaa na wenye benki.

Kwa sasa, fanya haya. Komboa kadi yako kwanza, hata kwa kuuza pikipiki. Fungua akaunti ya simu au ya kooperative ya akiba, weka kitu kila wiki, hata kiwe kidogo. Tunza kila risiti ya mnunuzi wa mawe. Likelemba yenu, mchango wenu wa zamu, iandikwe, na kila mmoja atie sahihi. Ombeni mkopo kwa kikundi, mkidhaminiana. Mkopo wa kwanza uwe mdogo, uishe kabla ya mvua kujaza mashimo.