Ripita Inayosikika Lakini Haisikii: Namna ya Kupima na Kurekebisha Dupleksa za Redio za Ridhaa

Na Mwandishi Wetu, MAELEZO – Dodoma

Katika mawasiliano ya dharura ipo hitilafu inayoweza kukaa miezi kadhaa bila mtu yeyote kuitambua. Kituo cha kurudia mawimbi ya redio, maarufu kama ripita, husikika vizuri mjini na vijijini, na sauti yake ni safi. Hata hivyo, mtu aliye mbali mwenye redio ndogo ya mkononi akiita, hajibiwi. Wenzake hawakumpuuza, ripita yenyewe haikumsikia.

Redio za ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mawasiliano (ITU) kwa ajili ya watu wanaojifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana bila kutafuta faida. Hapa nchini leseni zake hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za utambulisho za vituo huanza na 5H. Kanuni za Redio za ITU zinazihimiza nchi wanachama kuwawezesha waendeshaji wa redio hizo kujiandaa kusaidia mawasiliano wakati wa maafa. Maandalizi hayo hayana maana iwapo kituo kinachotegemewa hakiwasikii walio katika shida.

Antena moja, kazi mbili

Redio ya mkononi hurusha nguvu ya takriban wati 5 na mawimbi yake huzuiwa kwa urahisi na milima na majengo. Ripita huwekwa mahali pa juu ili ipokee sauti hiyo dhaifu na kuirusha upya papo hapo kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa kuwa hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, hutumia masafa mawili. Katika Kanda ya 1 ya ITU, ambamo Tanzania imo, tofauti ya kawaida kwa bendi ya mita 2 ni kilohezi 600. Kwa mfano, ripita hupokea katika megahezi 145.000 na kurusha katika megahezi 145.600.

Tatizo huanzia hapo. Mtambo wa kurushia unaweza kutoa wati 50, ilhali mtambo wa kupokea ulio pembeni yake unatakiwa kusikia ishara ya mikrovolti 0.2 tu. Ishara hiyo ni ndogo kuliko nguvu inayorushwa kwa takriban desibeli 168, yaani zaidi ya mara trilioni 60,000. Ni sawa na kumtaka mtu asikilize mnong'ono huku akipiga kelele kwa kinywa chake mwenyewe.

Kifaa kinachowezesha jambo hilo kwa antena moja ni dupleksa. Hiyo ni seti ya makopo ya chuma, ambayo mafundi huyaita kaviti, na kwa bendi ya mita 2 mara nyingi huwa sita: matatu upande wa kurushia na matatu upande wa kupokea. Ndani ya kila kopo mna fimbo yenye urefu wa karibu sentimita 50, ambao ni robo ya urefu wa wimbi, na urefu huo hurekebishwa ili kopo liitikie masafa yanayotakiwa.

Kila upande una kazi mbili. Upande wa kurushia hupitisha megahezi 145.600 na kuzuia kelele za mtambo huo zinazoangukia kwenye megahezi 145.000. Upande wa kupokea hufanya kinyume chake: hupitisha 145.000 na kuzuia nguvu ya 145.600. Mafundi hulenga kizuizi cha desibeli 80 hadi 90 kwa kila upande. Desibeli 80 maana yake ni kupunguza nguvu mara milioni 100.

Hatua za urekebishaji

Kazi hii hufanyika mezani, mitambo ikiwa imezimwa na kutenganishwa, kwa kutumia analaiza, yaani kipimo kinachoonesha kwenye skrini jinsi kifaa kinavyoitikia masafa mbalimbali. Kabla ya kupima, analaiza husawazishwa pamoja na kebo zake, na kila mlango wa dupleksa usiotumika hufungwa kwa mzigo wa omu 50. Mlango ukiachwa wazi, vipimo vyote hupotoka.

Hatua ya kwanza ni kurekebisha kila kopo peke yake. Fundi husogeza fimbo hadi kilele cha kupitisha kikae kwenye masafa sahihi, kisha hurekebisha kapasita ndogo ili bonde la kuzuia liangukie kwenye masafa ya upande wa pili. Kopo moja hutoa kizuizi cha takriban desibeli 25 hadi 35, kiwango ambacho hata analaiza ya bei nafuu hukipima kwa uhakika. Makopo matatu yakiunganishwa, bonde huwa refu kuliko uwezo wa vipimo vingi vidogo, na fundi anayerekebisha yote kwa pamoja hujikuta akifuata kelele za kipimo chake.

Hatua ya pili ni kuunganisha makopo kwa kebo zenye kinga maradufu na urefu uliokokotolewa. Robo ya wimbi angani ni sentimita 52, lakini ndani ya kebo ya kawaida yenye plastiki ngumu mawimbi husafiri kwa asilimia 66 ya mwendo huo, hivyo urefu unaohitajika ni karibu sentimita 34, konekta zikihesabiwa.

Hatua ya tatu ni kupima upotevu. Dupleksa nzuri ya aina hii hupoteza takriban desibeli 1.5 kila upande, kwa hiyo wati 50 zinazoingia hutoka zikiwa wati 35. Upotevu ukizidi hapo kwa kiasi kikubwa, kagua konekta zilizolegea, kutu ndani ya kopo au kebo iliyochoka.

Joto nalo lina athari. Fimbo ya shaba hurefuka inapopata moto. Badiliko la nyuzi 20, ambalo linaweza kutokea kati ya alfajiri na alasiri katika kibanda cha mabati, huhamisha masafa ya kopo kwa karibu kilohezi 50. Hicho ni kiwango kikubwa kwa bonde jembamba. Ndiyo maana dupleksa bora huwa na fimbo za invari, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka sana, ambazo hupunguza badiliko hilo hadi kilohezi 3 au 4.

Kutafuta chanzo cha uziwi

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio la ripita lina tiba endapo chanzo kitatafutwa kwa utaratibu. Ingiza ishara dhaifu ya majaribio kwenye njia ya kupokea wakati mtambo wa kurushia umezimwa, na uandike kiwango ambacho sauti inasikika vizuri. Kisha washa mtambo wa kurushia. Ikibidi kuongeza ishara kwa desibeli 20 ili isikike kama awali, ripita ina uziwi wa desibeli 20. Kwa mwananchi aliye bondeni, redio yake ya wati 5 imekuwa sawa na redio ya wati 0.05.

Baada ya hapo, ondoa antena na weka mahali pake mzigo wa majaribio unaohimili nguvu ya mtambo. Uziwi ukitoweka, dupleksa haina kosa. Kagua antena, kebo ya mnarani, maji yaliyoingia kwenye konekta, na viungo vya chuma vyenye kutu, kwa kuwa kutu huweza kuzalisha kelele inapopigwa na mawimbi yenye nguvu.

Uziwi ukibaki, zima mtambo wa kurushia, uutenganishe na dupleksa, uufunge moja kwa moja kwenye mzigo wa majaribio, kisha uuwashe tena. Uziwi ukiendelea, nguvu inavuja kupitia kebo au masanduku ya mitambo. Ukitoweka, dupleksa inahitaji kupimwa upya. Chukua hatua moja kwa wakati mmoja na uandike kila kipimo. Usizungushe skrubu za dupleksa kabla ya kujua kuwa ndiyo yenye kasoro, maana kurekebisha kifaa kizima ni kuongeza hitilafu ya pili juu ya ya kwanza.

Usalama na wajibu

Mafundi wanakumbushwa kutogusa konekta wakati mtambo unarusha, kwani mawimbi ya redio huunguza. Upandaji wa minara ufanywe na watu wenye mafunzo na vifaa vya kujikinga, na usifanyike wakati wa radi. Aidha, dupleksa inaweza kurekebishwa kwa masafa mengine, lakini mwenye leseni haruhusiwi kuhama masafa aliyopangiwa bila idhini ya TCRA.

Wakati mzuri wa kufanya vipimo hivi ni kabla ya mvua za Masika na Vuli, na kuvirudia mvua zinapokwisha. Watumiaji wa kawaida nao wana nafasi yao: wajaribu kuita kutoka maeneo ya mbali kwa nguvu ndogo na kutoa taarifa kwa msimamizi wa kituo kila inapoonekana kuwa ripita inasikika lakini haijibu. Taarifa hiyo ikitolewa siku ya utulivu, fundi atapata muda wa kupanda kilimani na vipimo vyake. Ikichelewa hadi siku ya mafuriko, barabara ya kilimani huenda nayo haipitiki.