Kifaa cha kutuliza maumivu ya mgongo chawapa wahandisi kibarua

KWA vizazi vingi, Abagusii wa Kisii na Nyamira walisifika kwa wataalamu wao wa kupasua fuvu. Mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyoisha alipelekwa kwa omobari, ambaye alichana ngozi na kuparuza mfupa polepole hadi utando unaofunika ubongo ulipoonekana. Hapo alikoma, kwani kuutoboa kulikuwa kumhatarisha mgonjwa.

Utando uo huo hushuka hadi mgongoni, ukiufunika ugwe wa neva. Nje yake ndipo madaktari wa leo huweka elektrodi za kifaa cha kutuliza maumivu sugu kwa umeme. Dkt Norman Shealy wa Marekani alipandikiza cha kwanza mwaka 1967, miaka miwili baada ya Ronald Melzack na Patrick Wall kueleza kwamba ugwe una "lango" linaloweza kuzuia ujumbe wa maumivu usifike ubongoni.

Hata hivyo, omobari hakuacha chombo mwilini, ilhali kifaa hiki hukaa humo kwa miaka. Hapo ndipo penye kibarua cha wahandisi.

Kwanza, mgongo hautulii. Mtu anapoinama kulima au kujitwika mkungu wa ndizi, waya huvutika na huweza kuhama au kukatika. Ukihama kidogo tu, umeme huenda kwenye neva isiyokusudiwa.

Pili, ugwe huelea katika majimaji. Mgonjwa akilala chali, ugwe husogea karibu na elektrodi, na umeme uliomfaa akiwa amesimama humzidia. Baadhi ya vifaa vipya hupima mwitikio wa neva na kujirekebisha vyenyewe; kimoja kiliidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Tatu ni betri. Isiyochajiwa huisha baada ya miaka kadhaa, na mgonjwa hupasuliwa tena ili ibadilishwe. Ya kuchajiwa hudumu zaidi, lakini humlazimu mwenyewe kuwa na umeme wa kutegemewa nyumbani.

Isitoshe, kifaa huhitaji mtaalamu wa kukirekebisha mara kwa mara. Omobari aliishi miongoni mwa watu wake, na mgonjwa aliweza kumrudia. Hivyo, mkazi wa Kisii au Nyamira anayeshauriwa kupandikizwa kifaa hiki ana swali la kuuliza mapema: waya ukihama, atamwendea nani, na umbali gani?