Kuku wa Singida katika Kikaangio cha Hewa: Sandwichi ya Pilipili

Kikaangio cha hewa, chombo kilichoingizwa sokoni na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 2010, hakikaangi kwa maana anayoijua muuza chipsi, kwa kuwa ndani yake hamna karai la mafuta bali mna koili ya umeme inayotoa joto na feni inayolisukuma joto hilo kwa kasi kuzunguka chakula kilichomo kwenye kikapu chenye matundu. Upepo huo hukausha unyevu juu ya nyama, na maadamu uso una maji, joto lake haliwezi kupita sana nyuzi 100 za Selsiasi; ukishakauka hupanda hadi nyuzi 140 hivi, ambapo protini na sukari huungana na kuleta rangi ya kahawia pamoja na harufu ya kukaanga. Muungano huo huitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la mwanakemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912.

Maelezo hayo yanamtosha mpishi wa kuku wa kisasa, anayechinjwa akiwa na wiki chache tu, lakini hayamtoshi mpishi wa Mitundu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, wala wa mahali pengine mkoani Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wana sifa hadi masokoni Dar es Salaam. Kuku huyo hukua kwa miezi mingi akichakura na kukimbia, na misuli yake hushikanishwa na kolajeni, yaani protini yenye umbo la nyuzi ambayo huzidi kukomaa kadiri ndege anavyozeeka. Kolajeni hulainika na kugeuka jelatini kwa moto wa pole, majimaji na muda mrefu, ilhali kikaangio cha hewa hutoa moto mkali, ukavu na muda mfupi. Mapishi ya kigeni yakifuatwa bila kuzingatia tofauti hii, jogoo mzuri hutoka kikapuni akiwa na ganda la kupendeza na nyama isiyotafunika, na hiyo ni hasara kubwa kwa nyama yenye ladha nzito kiasi hicho.

Kwa hiyo paja la kuku wa kienyeji lichemshwe kwanza kwa moto mdogo, pamoja na tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi, mpaka uma uingie bila kusukumwa, jambo ambalo kwa jogoo aliyekomaa linaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Kisha lipoe, litolewe mfupa na kufutwa likauke kabisa. Hapo ndipo huchovywa katika maziwa mgando, ambayo uzito wake hushika unga, na kuviringishwa katika unga wa ngano uliochanganywa na unga kidogo wa muhogo, chumvi na pilipili manga. Unga uachwe dakika 10 unyonye unyevu, ndipo upakwe mafuta ya alizeti kwa brashi, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa kila kipande. Madoa meupe yakionekana baada ya dakika chache za kupika, huo ni unga ambao haukuguswa na mafuta, nao hautaiva vizuri kwa upepo peke yake. Mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani huwahi kutoa moshi, hivyo nyuzi 180 zinafaa kuliko 200, kwa dakika 12 hivi, na vipande vigeuzwe katikati ya muda bila kubanana. Kuku wa kisasa anayeingia akiwa mbichi hukaa zaidi, kwani joto la ndani ya nyama lazima lifike nyuzi 74 ili bakteria kama salmonela wafe.

Chombo cha wati 1,500 kikifanya kazi dakika 20 hutumia nusu uniti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Pasipo na umeme, sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini hukaribia kazi hiyo, ingawa ganda halitakauka sana, kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea.

Ukali wa pilipili hutokana na kapsaisini, kemikali iliyojaa zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu kuliko katika mbegu zenyewe, nayo huyeyuka katika mafuta, si katika maji. (Kuku akiwa hai haihisi, ndiyo maana hunywa bila taabu maji ya pilipili anayowekewa na wafugaji wengi.) Pilipili ya unga ikipigwa na upepo wa moto huungua na kuwa chungu, hivyo ni bora pilipili kichaa iliyosagwa ipashwe taratibu katika mafuta ya alizeti yenye asali kidogo, kisha ipakwe juu ya nyama iliyokwisha kuiva.

Nyama ikiwa tayari kwa sandwichi, vitunguu vya kachumbari vifikichwe kwa chumvi na kukamuliwa, na skonzi ipakwe mafuta kidogo upande wa ndani na kupashwa moto, ili maji yasiloweshe mkate. Ikiwa mlaji atachelewa, nyama ibaki nje ya mkate, juu ya wavu, na irudishwe kikapuni kwa dakika 3 kabla ya kupakwa pilipili.