Je, Wajua? Wapo Waliopona Wakabaki na Wadudu Sugu Tumboni

Mgonjwa wa Laela aliyelazwa Sumbawanga anaweza kurudi nyumbani mzima, kumbe utumbo wake umebeba bakteria wasiosikia dawa.

Dar es Salaam, mwaka 2010 hadi 2011, watafiti walipima vinyesi vya watoto 603 wa chini ya miaka miwili. Miongoni mwa waliolazwa, takriban nusu walikuwa na bakteria hao; kwa wenye afya, asilimia 12 hivi. Tofauti kubwa hiyo!

Bakteria hao hutoa kimeng'enya kinachovunja hata seftriaksoni, sindano inayotegemewa wodini. Tumboni huweza kutulia miezi mingi bila dalili. Wakipenya kwenye mkojo au damu, daktari hubaki na dawa chache, tena ghali.